Kupogoa Mwembe wa Uani Bila Kuuharibu: Mwongozo kwa Fundi wa Miti na Mwenye Nyumba

Katika miji ya mwambao wa Tanzania, kuanzia Tanga hadi Mtwara, si ajabu kukuta nyumba ya zamani yenye mwembe uani. Mara nyingi aliyeupanda ameshafariki, wajukuu wamejenga vyumba vya kupangisha mpaka karibu na shina, na mti ambao zamani ulikuwa na nafasi yake sasa umelalia bati. Matawi yakianza kugonga paa wakati wa kusi, huitwa kijana mwenye panga na kamba, naye hukata kila tawi kwa kimo kimoja hadi mti unabaki kama nguzo iliyonyosha vidole. Watu wa nyumba huridhika kwa miezi michache. Baadaye machipukizi hutoka kwa wingi kuzunguka kila kisiki cha tawi na kurefuka upesi kuliko matawi ya kawaida, na kwa kuwa yameshikilia tabaka la nje tu la mti ambao ndani umeanza kuoza, ndiyo yanayokuja kuvunjika na kuangukia paa lile lile lililokusudiwa kuokolewa.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya fundi anayeanza kazi ya kutunza miti, na kwa mwenye nyumba anayetaka kupima kama fundi aliyemwita anaijua kazi. Nimeuchagua mwembe kwa sababu ndio mti unaoniletea wito mwingi zaidi, lakini sehemu kubwa ya nitakayoeleza inafaa pia kwa mkungu, mwarobaini, mzambarau na mparachichi. Mnazi una kanuni zake, nami nitaugusa mahali pake.

Jeraha la mti

Mtu akijikata, mwili hujenga nyama mpya mahali palipoharibika. Mti hauna uwezo huo. Sehemu iliyojeruhiwa hubaki imejeruhiwa maisha yote ya mti. Kinachofanyika ni kwamba mti huizungushia kuta za kemikali ndani ya mbao ili uozo usisambae, kisha huotesha tabaka jipya la mbao na gome juu yake mpaka jeraha lifunikwe. Aliyelieleza jambo hili kwa ufasaha ni Alex Shigo, mtafiti wa idara ya misitu ya serikali ya Marekani, ambaye alipasua maelfu ya miti kwa msumeno ili atazame uozo unavyosafiri ndani yake, na maelezo yake ya miaka ya 1970 yakabadilisha namna mafundi wa nchi nyingi wanavyokata matawi.

Kwa fundi, maana yake ni kwamba ukubwa wa mkato na mahali pake ndivyo vinavyoamua yatakayofuata. Tawi lenye unene wa kidole gumba likikatwa vizuri hufunikwa mapema, ilhali tawi lenye unene wa paja huacha mlango ambao kuvu na mchwa wanaweza kuutumia kwa miaka mingi. Kwa hiyo ni heri kupogoa kidogo kidogo mti ungali mchanga kuliko kungoja miaka 20 na kuja na msumeno mkubwa. Nataja hapa pia mazoea ya kupaka lami, oili chafu, rangi au udongo juu ya mkato: kwa kawaida hayazuii uozo, na mara nyingine hufungia unyevu ndani. Uache mkato wazi ukauke. Wateja wengi huona kazi haijakamilika bila kupaka kitu, na inabidi uwaeleze kwa subira.

Kuukagua mti kabla ya kupanda

Anza chini, si juu. Zunguka shina polepole ukitazama mahali mizizi mikubwa inapoingia ardhini, maana mti uliooza mizizi huweza kuwa na majani mabichi kabisa mpaka siku unapoanguka. Uyoga mgumu kama ubao unaoota kwenye kitako cha shina ni dalili kwamba mbao za ndani zinaliwa, na ufa mpya katika udongo upande mmoja wa shina huonyesha kwamba mti umeanza kuegama. Gonga shina kwa nyundo ya mbao ukisikiliza. Mlio mzito wa ngoma humaanisha kuna uvungu. Uvungu peke yake hauuhukumu mti kukatwa, kwa kuwa nguvu ya shina iko zaidi kwenye ukuta wake wa nje, lakini uvungu ulio wazi upande mmoja, wenye ukuta mwembamba na nyufa, unahitaji uamuzi wa mtu mwenye uzoefu.

Kisha tazama panda, yaani mahali shina linapogawanyika. Panda yenye umbo la herufi U, ambayo gome lake limejikunja kwenda nje, kwa kawaida ni imara. Panda yenye umbo la V, ambayo magome ya matawi mawili yamebanana na kuzama ndani, ni dhaifu, kwa sababu hapo mbao hazikuungana na kadiri matawi yanavyonenepa ndivyo yanavyosukumana. Katika miembe iliyoota yenyewe kutokana na kokwa, panda za namna hii si chache.

Angalia pia vilivyofungwa mtini: waya wa kuanikia nguo, misumari ya mabango, mnyororo wa mbuzi. Katika Misheni ya Bagamoyo kuna mbuyu uliopandwa mwaka 1868 ambao umeumeza mnyororo, inasimuliwa kuwa wa kufungia punda, na leo kinachoonekana ni kipande kifupi tu kinachochungulia kwenye gome. Mbuyu una ustahimilivu wa pekee, na hata ukichunwa gome huweza kuotesha jingine. Mwembe uliofungwa waya hukabwa, kwani chakula kinachotoka kwenye majani hupita chini tu ya gome, na hatua ya kwanza ya tiba yoyote ni kukata waya huo. Uliomezwa tayari usiuchimbue. Kata ncha zake na uuandike kwenye daftari, kwa sababu siku moja msumeno wa mtu utaukuta.

Mwisho wa ukaguzi, inua macho utafute nyuki, nyoka, na viota vya majani yaliyoshonwa pamoja kwa nyuzi nyeupe. Viota hivyo ni vya maji moto, sisimizi wekundu wa mitini ambao huwala wadudu wanaoshambulia maembe na korosho, hivyo kwa mkulima ni walinzi wasiolipwa. Kwa mkwezi aliye na kamba mkononi ni habari nyingine. Sikushauri kuwapulizia sumu. Kata kwanza vitawi vyenye viota kwa msumeno wenye mpini mrefu ukiwa chini, uvipeleke kwenye mti mwingine, na upande asubuhi mapema kabla hawajachangamka.

Wakati wa kupogoa

Mwembe huchanua kwenye ncha za matawi yaliyokomaa. Katika ukanda wa pwani maua mengi hutoka katikati ya mwaka, na msimu mkubwa wa maembe huangukia takribani Novemba hadi Februari. Kwa hiyo wakati unaofaa ni mara baada ya mavuno, kabla masika hayajakolea, ili machipukizi mapya yapate mvua na muda wa kukomaa. Anayekata Mei au Juni huondoa maua ya mwaka huo kisha humlaumu jirani kwa jicho baya. Matawi makavu huondolewa wakati wowote, na tawi lililopasuka juu ya paa halingoji msimu.

Kiasi cha kukata

Usiondoe zaidi ya robo ya majani mabichi kwa mwaka mmoja, na kwa mti mzee au dhaifu uondoe machache zaidi. Majani ndiyo jiko la mti. Ukiyafyeka, mti hutumia akiba iliyomo kwenye mbao na mizizi kujiotesha upya, na akiba hiyo hiyo ndiyo inayohitajika kufunika majeraha uliyoyaacha. Anza na matawi yaliyokufa, kisha yaliyougua, kisha yanayosuguana, kisha yanayorudi ndani. Mara nyingi ukimaliza hayo mwenye nyumba ataona mwanga umeingia na hewa inapita, jambo ambalo pia hupunguza chule na ubwiriunga, magonjwa mawili yanayopenda mwembe uliofungamana.

Mteja anapotaka mti ufupishwe, usikate tawi katikati pasipo na kitu. Fuata tawi hilo kutoka ncha kwenda ndani mpaka ukutane na tawi la pembeni ambalo unene wake haupungui theluthi moja ya lile unalolikata, ukate hapo, ili tawi la pembeni lishike uongozi. Mti utapungua kimo na bado utakuwa na umbo la mti. Kosa jingine ambalo hata mafundi wazuri hulifanya ni kusafisha vitawi vyote vya ndani na kuacha majani nchani tu. Tawi la namna hiyo linafanana na ufagio wa kutolea buibui: uzito wote uko mwisho, na upepo wa kusi huling'ang'ania mpaka livunjike.

Mikato mitatu

Hapa ndipo penye ufundi wenyewe. Ukitazama vizuri mahali tawi linapotoka kwenye shina, utaona uvimbe unaolizunguka kama ukosi wa shati, na juu ya panda utaona mshono wa gome uliojikunja. Ukosi ni sehemu ya shina, si ya tawi, na ndani yake ndimo zilimo mbao zinazojenga ukuta wa kuzuia uozo. Ukiukata, umevunja boma la mti kwa mkono wako. Ukiacha kisiki kirefu nje ya ukosi, kisiki kitakufa na kuoza, na gome jipya halitaweza kukifunika kwa urahisi.

Kwa tawi zito, mkato wa kwanza hufanywa upande wa chini, kama sentimita 30 kutoka kwenye shina, ukiingia robo au theluthi ya unene kisha usimame kabla tawi halijabana msumeno. Mkato wa pili hufanywa juu, sentimita chache mbele zaidi kuelekea ncha. Tawi litavunjika kati ya mikato hiyo miwili bila kuchana gome la shina. Hii ndiyo sababu ya kuutanguliza mkato wa chini, kwani tawi linalokatwa kutoka juu pekee huondoka na utepe wa gome mrefu, wakati mwingine wa kimo cha mtu. Baada ya uzito kuondoka, mkato wa tatu huondoa kisiki kilichobaki, ukianzia nje kidogo ya mshono wa gome na kumalizia nje kidogo ya ukosi, kwa mshazari unaofuata umbo la ukosi wenyewe. Tumia msumeno wenye makali. Panga halifai kwa mkato huu, kwa sababu hupiga mahali tofauti kila mara na kuacha nyuzi zilizosagika. Ukihamia mti mwingine, futa msumeno kwa spiriti ili usibebe ugonjwa.

Mnazi hauna ukosi wala utando hai chini ya gome unaonenepesha shina, na kwa hiyo jeraha lake halifunikwi kamwe. Vipandio vinavyochongwa kwenye shina ili mkwezi aweke mguu hubaki humo mpaka mti ufe, na huingiza maji. Kwenye nyumba za watu panda kwa kitanzi cha kamba au kwa ngazi; ondoa makuti makavu na nazi zilizokomaa zilizo juu ya njia, na uyaache makuti mabichi, kwani mnazi uliokatwa makuti hadi ukabaki na kilele kama ndevu za beberu hudhoofika. Kilele kikikatwa, mnazi umekwisha, kwa sababu hauna chipukizi la akiba.

Kukaa salama juu ya mti

Fundi wa miti hufanya kazi juu, mkononi ana kifaa chenye makali, na chini yake kuna watu wanaopita. Kamba ya manila inayouzwa kwa mita dukani haikutengenezwa kubeba mtu. Nunua kamba ya kukwelea na mkanda wa kiunoni wenye vitanzi vya mapaja, na uvikague kila asubuhi kwa vidole kabla ya macho. Unapokata, ufungwe mahali pawili, ili ukikata kamba moja kwa bahati mbaya ya pili ikushike. Kamba inayokubeba wewe isitumike kushushia magogo. Kofia ngumu, miwani, viatu vya kufunika mguu, na vizuia sauti wakati wa kutumia msumeno wa mnyororo si mapambo. Msumeno huo ushikwe kwa mikono miwili daima, na sehemu ya juu ya ncha yake isiguse kitu, kwani ikigusa huruka kuelekea usoni kwa kasi isiyokupa nafasi ya kujikinga.

Usipande peke yako. Chini awepo msaidizi anayejua kazi, na katika kundi awepo mtu wa pili anayeweza kukwea na kukushusha ukijeruhiwa. Mkubaliane neno la kuonya na neno la kujibu, na tawi lisikatwe kabla jibu halijasikika. Nilijifunza hili baada ya msaidizi wangu kurudi kuchukua simu yake chini ya tawi nililokuwa nimeshalikata nusu. Halikumgusa, lakini siku ile hatukuendelea na kazi.

Jifunze kukisia uzito. Mbao mbichi hukaribia uzito wa maji, kwa hiyo gogo lenye kipenyo cha sentimita 40 na urefu wa mita 2, ambalo kwa macho ni kipande kidogo, lina ujazo wa robo mita ya ujazo na laweza kuwa na kilo 200 hadi 250. Hilo halishikwi kwa mikono. Hushushwa kwa kamba iliyozungushwa shinani mara kadhaa ili msuguano ubebe mzigo, na msaidizi anayeiachia kidogo kidogo asijifungie kamba mkononi.

Kuhusu umeme, mti ulio karibu na nyaya si kazi ya fundi wa kawaida. Nyaya za msongo wa kati mitaani huwa za kilovolti 11 au 33, na umeme huo unaweza kuruka kabla hujaugusa waya, wakati kitawi kibichi au ngazi ya bati ikitosha kuwa daraja. Kaa umbali usiopungua mita 3, ukihesabu pia msumeno wako na tawi litakapoangukia, na ikiwa haiwezekani, TANESCO waombwe wazime laini au walikate wenyewe. Hata waya wa kawaida unaoingia nyumbani, wa volti 230, huua.

Utomvu wa mwembe nao una ukali. Unapotoka kwenye kikonyo au kitawi kilichovunjika huunguza ngozi na kuacha mabaka meusi, na watu wengine huvimba uso. Vaa mikono mirefu, usijifute jasho kwa glavu, na uoge kwa sabuni mara umalizapo.

Makubaliano na ruhusa

Kabla ya kutaja bei, tembea na mwenye nyumba kuuzunguka mti, mkioneshana tawi kwa tawi litakaloondoka, kisha uandike. Neno "punguza" lina maana nyingi kuliko mtu anavyodhani, na ugomvi wa baada ya kazi karibu wote hutokana nalo. Andika pia nani atabeba majani, nani atachukua kuni, na nani atalipa bati likitoboka. Mteja aking'ang'ania mti ukatwe kichwa, mimi hukataa kazi hiyo. Atampata mwingine kabla ya adhuhuri, lakini mti unaovunjika huwa na jina la fundi wa mwisho aliyeugusa.

Matawi yaliyovuka ukuta yazungumzwe na jirani kwanza, na mjumbe wa mtaa akiwapo ni vizuri zaidi. Mti ulio ndani ya hifadhi ya barabara hauguswi kwa ruhusa ya mwenye nyumba pekee, ulizeni halmashauri. Kwa kuangusha mti mzima, hasa miti ya asili yenye thamani kama mvule, mninga na mpingo, nendeni kwanza ofisi ya misitu ya wilaya, kwa kuwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaweza kuilinda hata ikiota nje ya msitu wa hifadhi.

Baada ya kazi

Miti mingi ya mjini huuawa kutoka chini. Mizizi inayokusanya maji na chakula iko kwa wingi katika nusu mita ya juu ya udongo, na huenea kupita mwisho wa kivuli cha matawi. Kusakafia ua mpaka shinani, kurundika kifusi, kuchimba karo karibu na mti, na kuchoma taka chini yake huudhuru zaidi ya msumeno. Anayetaka kujenga apime mzingo wa shina kwa kimo cha kifua, agawanye kwa 3.14 apate kipenyo, kisha azidishe kwa 12: mwembe wenye mzingo wa sentimita 157 una kipenyo cha sentimita 50, na eneo lake la kulindwa ni mita 6 kila upande. Uani mara chache utapata nafasi hiyo yote, lakini msingi wa nguzo unaoruka mizizi mikubwa ni bora kuliko mtaro unaoikata.

Majani na vitawi vilivyokatwakatwa usivipeleke dampo. Vitandaze chini ya mti kwa kina cha sentimita 5 hadi 10, ukiacha upana wa kiganja bila matandazo kuzunguka shina ili gome lisioze. Kiangazi kikiwa kikali, mwagilia kwa wingi mara moja kwa wiki kuliko ndoo moja kila jioni.

Mwaka unaofuata, baada ya mavuno, rudi kwenye mti ule hata kama hukuitwa. Chagua machipukizi machache yaliyokaa vizuri, uondoe mengine yangali membamba, kisha usogelee majeraha ya mwaka jana. Gome jipya likiwa limezunguka mkato wote kama pete, ulikata mahali pake. Likiwa limeota kushoto na kulia tu, huku juu na chini pakiwa patupu, uliingia ndani ya ukosi. Likiwa halijaonekana popote na kilichopo ni kipande kikavu kinachochomoza, uliacha kisiki, na kisiki hicho kinaweza kuondolewa siku hiyo hiyo bila kuligusa gome hai lililo nyuma yake.